Philip Gosse na Bahari Ndani ya Kioo

1. Kiumbe katika ndoo

Pengine ulipokuwa mtoto uliwahi kumshika samaki mdogo mtoni au baharini. Ukamtia ndani ya kopo lenye maji, ukampeleka nyumbani. Ulifurahi kumwona akiogelea. Lakini ulipoamka kesho yake ulimkuta amekufa, na maji yananuka.

Kwa nini alikufa? Maji alikuwa nayo. Hakuna mtu aliyempiga. Tena labda ulimpa hata chakula.

Zamani watu wengi walijiuliza swali hilo. Mmoja wao alikuwa Philip Henry Gosse, mtu wa Uingereza. Alijifunza kuwahamisha wanyama wa bahari kutoka miambani mpaka mjini London, na kuwaweka hai ndani ya matangi ya kioo. Watu waliokuwa hawajawahi kuona chini ya bahari wakaiona kwa mara ya kwanza. Gosse alipata sifa kubwa. Lakini kazi yake ilileta pia hasara ambayo hakuitazamia, na hasara hiyo ilimhuzunisha.

Haya ndiyo maisha yake.

2. Utoto wake

Philip Gosse alizaliwa tarehe 6 Aprili mwaka 1810 katika mji wa Worcester. Baba yake alikuwa mchoraji. Alichora picha ndogo ndogo za sura za watu, akizunguka mji hadi mji kutafuta wateja. Kazi hiyo haikuleta fedha nyingi. Familia iliishi maisha ya shida.

Philip alipokuwa bado mdogo, familia ilihamia Poole, mji wa bandari kusini mwa Uingereza. Huko mtoto alikutana na bahari. Maji yalipokupwa alikwenda kutazama viumbe walioachwa katika madimbwi. Alikuwa na shangazi aliyependa sana viumbe. Shangazi huyo alimwonyesha wanyama laini wanaoshika mawe na kufunguka kama maua. Wanyama hao huitwa anemoni. Alimwambia awatie katika chombo chenye maji ya bahari ili awatazame nyumbani.

Kutoka kwa baba yake Philip alijifunza kuchora. Kutoka kwa shangazi yake alijifunza kutazama. Mambo hayo mawili yalimfaa maisha yake yote.

Masomo yake ya shule yalikuwa mafupi. Alipofika umri wa miaka 15 aliacha shule, akaanza kazi ya ukarani katika ofisi ya wafanyabiashara. Hakusoma chuo kikuu. Mengi aliyoyajua baadaye alijifundisha mwenyewe, kwa kusoma vitabu usiku na kwa kutazama viumbe mchana.

3. Miaka ya ng'ambo

Mwaka 1827, akiwa na miaka 17, Philip alipanda meli kwenda Newfoundland, kisiwa kikubwa cha baridi kali huko Amerika ya Kaskazini. Alifanya kazi ya ukarani katika mji mdogo wa Carbonear, ambao watu wake waliishi kwa kuvua samaki na sili. Mchana aliandika hesabu. Alipopata nafasi aliwatafuta wadudu, akawachora.

Mwaka 1832 alinunua kitabu kinachoeleza matumizi ya hadubini, yaani chombo cha kutazamia vitu vidogo mno. Kitabu hicho kiliifungua akili yake. Tangu siku hiyo aliamua kuwa mtu wa kuchunguza viumbe.

Lakini uamuzi ni jambo moja na riziki ni jambo jingine. Mwaka 1835 alihamia Kanada, akalima shamba katika kijiji cha Compton. Alikuwa na furaha kubwa kuona vipepeo wa mahali pale. Lakini shamba halikumpa faida. Alilima miaka mitatu, akashindwa.

Mwaka 1838 akaenda Alabama, kusini mwa Marekani, kufundisha watoto wa wenye mashamba ya pamba. Wakati ule watu weusi walikuwa bado watumwa katika nchi ile. Gosse aliona wanavyoteswa na kupigwa mijeledi, akachukizwa sana. Hakukaa hata mwaka mmoja. Mwaka 1839 alirudi Uingereza. Alikuwa amekaa ng'ambo karibu miaka 12, naye hakuwa na mali. Alikuwa na madaftari tu, yamejaa maandishi na picha za wadudu.

Madaftari hayo ndiyo yaliyomwokoa. Mwaka 1840 alitoa kitabu juu ya viumbe vya Kanada. Watu walikipenda, akaanza kujulikana.

Mwaka 1844 alisafiri tena, safari hii kwenda kisiwa cha Jamaika. Huko utumwa ulikuwa umekwisha. Gosse alimwajiri kijana mmoja mweusi wa miaka 18 aliyeitwa Samuel Campbell. Kijana huyo alikuwa hodari wa kutafuta ndege na wadudu, na macho yake yaliona vitu ambavyo wengine walivipita. Walifanya kazi pamoja. Gosse alisaidiwa pia na Richard Hill, hakimu wa Jamaika aliyekuwa na asili ya Kiafrika kwa upande wa mama, aliyejua sana habari za ndege. Mwaka 1847 Gosse alipotoa kitabu chake cha ndege wa Jamaika, aliweka jina la Hill katika ukurasa wa kwanza, na ndani yake alimsifu Campbell. Hakutaka kujitwalia sifa zote peke yake.

4. Anarudi baharini

Mwaka 1848 Gosse alimwoa Emily Bowes, mwandishi wa vitabu vidogo vya dini. Mwaka uliofuata walipata mtoto wa kiume, wakamwita Edmund. Waliishi London.

Gosse aliandika mno. Aliinama juu ya hadubini na karatasi toka asubuhi mpaka usiku. Mwisho kichwa kikaanza kumwuma, na afya yake ikaharibika. Ikambidi aondoke mjini. Basi mwanzoni mwa mwaka 1852 alikwenda na mkewe na mtoto katika pwani ya Devon, upande wa magharibi wa Uingereza.

Pwani ile ina miamba mingi. Maji ya bamvua yanapokupwa, miamba ambayo siku nyingine hufunikwa huonekana. Gosse alivaa viatu virefu, akachukua nyundo, tindo na kikapu chenye chupa, akaingia katikati ya miamba. Aliinama juu ya madimbwi, akainua mwani na kutazama chini yake. Aliona anemoni za rangi nyingi, kaa, kamba, konokono na minyoo yenye mashada kama manyoya. Katika mji wa Ilfracombe aliona pia matumbawe madogo, moja moja, yasiyozidi ukubwa wa kifungo. Moja lilikuwa jekundu na njano. Wataalamu walikuwa hawajalieleza bado, naye akaliandika habari zake.

Gosse alitaka kuwaona wanyama hao wakila, wakipigana na wakizaa. Lakini bahari haingoji. Maji hukupwa kwa saa chache tu, kisha hujaa tena. Ilimbidi ahamishe bahari iende nyumbani kwake.

5. Kwa nini wanyama walikufa?

Sasa turudi kwenye swali letu la kwanza.

Mnyama wa majini naye hupumua. Ndani ya maji mna hewa inayoitwa oksijeni. Mnyama huitumia oksijeni hiyo, kisha hutoa hewa chafu. Baharini mawimbi huchanganya maji na hewa mchana na usiku, kwa hiyo oksijeni haiishi. Ndani ya kopo hakuna mawimbi. Oksijeni huisha upesi. Tena kinyesi cha mnyama na mabaki ya chakula huoza, na uozo huo huyatia maji sumu. Mnyama hufa kwa kukosa hewa na kwa kukaa katika uchafu wake mwenyewe.

Kabla ya Gosse walikuwapo watu waliojaribu kushinda tatizo hilo. Mmoja alikuwa mwanamke, Bibi Anna Thynne, mke wa kasisi mmoja wa London. Mwaka 1846 alikwenda pwani ya Devon, akayaona matumbawe yaliyo hai. Akataka kwenda nayo London. Aliogopa yasigongane njiani, basi akayashona kwa sindano na uzi juu ya sifongo, akaiweka sifongo ndani ya mtungi wa maji ya bahari. Yalifika salama.

Baadaye hakuweza kupata maji mapya ya bahari kila mara. Basi akaagiza maji yale yale yamiminwe kutoka chombo kimoja hadi kingine, mbele ya dirisha lililo wazi, kwa muda mrefu kila siku. Kazi hiyo ilifanywa na mtumishi wake wa kike. Kumimina huko kulifanya kazi ya mawimbi, kukatia hewa ndani ya maji. Matumbawe yakaishi. Mwaka uliofuata Bibi Thynne akaongeza mwani, na mambo yakawa mazuri zaidi.

Mwingine alikuwa Robert Warington, mtaalamu wa kemia mjini London. Yeye alianza na maji yasiyo na chumvi. Aliweka samaki wawili na majani ya majini katika chombo kimoja. Majani yanapopata mwanga hutoa oksijeni, na samaki huipumua. Lakini majani makuukuu yalianza kuoza, maji yakachafuka. Basi akaongeza konokono ili wale majani yaliyooza. Hapo maji yakawa safi. Samaki, majani na konokono wakawa wanategemeana.

Gosse naye alifuata njia hiyo kwa maji ya bahari. Aliona kwamba ukitaka mnyama aishi, usimchukue mnyama peke yake. Chukua pia na mwani unaompa hewa, na konokono wanaosafisha. Yaani usihamishe mwenye nyumba ukamwachia nyumba yake nyuma.

6. Kuhamia tangi jipya

Mwishoni mwa mwaka 1852 Gosse alirudi London. Alikuja na wanyama wake kutoka Ilfracombe. Aliwaweka nyumbani katika vyombo vya kioo kwa muda wa miezi miwili, nao wakaishi.

Wakati huo huo chama cha wataalamu wa wanyama kilikuwa kinajenga nyumba mpya katika bustani yake ya wanyama iliyopo Regent's Park, London. Nyumba hiyo ilikuwa ya samaki. Ndani yake yaliwekwa matangi makubwa ya kioo. Miaka michache kabla yake jambo hilo lisingekuwa rahisi, maana kioo kilitozwa kodi kubwa. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 1845, bei ya kioo ikashuka.

Matangi yalikuwa tayari, lakini bahari haikuwamo. Desemba 1852 Gosse akazungumza na katibu wa chama. Wakakubaliana. Wanyama waliokuwa katika vyombo vya nyumbani wakahamishiwa katika tangi moja la nyumba mpya. Walikuwa wachache na wadogo tu. Lakini huo ndio ulikuwa mwanzo wa nyumba ya kwanza ya aina yake, ambamo watu wote waliweza kuwaona viumbe wa bahari wakiwa hai.

Kundi lile dogo halikutosha. Mwaka 1853 Gosse alikwenda pwani ya kusini, katika mji wa Weymouth, kutafuta wanyama na mwani zaidi. Alitoka na mashua, akakokota wavu chini ya bahari. Alivyovipata alivipeleka London kwa gari moshi.

Kazi ya kuvihamisha viumbe hivyo ilikuwa na kanuni zake. Ukizijua, utaona jinsi alivyokuwa mwangalifu.

Kwanza, hakuung'oa mwani kutoka katika jiwe. Mwani ukibanduliwa huoza. Aliweka tindo chini yake, akapiga nyundo mpaka kipande cha jiwe kikabanduka, mwani ukiwa umeshika juu yake. Jiwe na mwani vilikwenda pamoja.

Pili, hakumvuta anemoni kwa nguvu. Anemoni akichanika sehemu anayoshikia, hufa kwa urahisi. Ni afadhali kulivunja jiwe kuliko kumchana mnyama.

Tatu, hakudhani kwamba maji mengi ndiyo salama. Wanyama wengi wa miambani husafiri vizuri zaidi wakifungwa ndani ya mwani uliolowa kuliko kujazwa katika chupa ya maji. Maji yaliyosimama ndani ya chupa huishiwa hewa njiani, lakini mwani uliolowa hupitisha hewa.

Nne, walipofika aliwatazama mmoja mmoja. Aliyekufa alitolewa mara moja, maana maiti moja huweza kuharibu maji ya tangi zima, na wengine wote wakafa.

Mwezi wa Mei 1853 nyumba ya samaki ilifunguliwa kwa watu. Watu walisongamana mbele ya vioo. Wengi wao walijua samaki wa sokoni tu, aliyekufa. Sasa walimwona kaa akitembea, anemoni akifungua mikono yake, kamba mwenye mwili mwangavu akielea kama kivuli.

Mwaka 1854 Gosse alitoa kitabu kueleza kazi hiyo. Chombo chenyewe alikiita akwariamu, na jina hilo likaenea duniani. Katika Kilatini neno hilo zamani lilitumika kwa mahali pa kunyweshea ng'ombe!

7. Maji ya bahari bila bahari

Lilibaki tatizo moja. Mtu aliyekaa mbali na pwani angepata wapi maji ya bahari? Kuyasafirisha kulikuwa na gharama kubwa.

Mwaka 1854 Gosse alijaribu kuyatengeneza. Wataalamu wa kemia walikuwa wamekwisha kupima chumvi zilizomo baharini. Gosse alichukua maji yasiyofika lita nne na nusu. Akatia chumvi ya mezani kiasi cha gramu 100. Akatia chumvi ya haluli gramu 7, chumvi nyingine ya magnesi gramu 13, na chumvi ya potasi gramu mbili na nusu hivi. Akakoroga, akachuja.

Je, aliwatia wanyama siku ile ile? La. Alitia kwanza mawe yenye mwani mbichi, akangoja siku kadhaa. Aliuacha mwani uyatengeneze maji. Maji yalipokuwa tayari ndipo akatia wanyama kidogo kidogo. Wakaishi.

Hapo ndipo wengi waliomwiga walipokosea. Walinunua tangi leo, wakalijaza maji leo, wakatia wanyama wengi leo. Baada ya siku chache maji yalichafuka na wote wakafa. Wengine waliweka tangi juani, maji yakapata moto na kuwa ya kijani. Haraka haraka haina baraka.

8. Watu wavamia pwani

Sifa za akwariamu zilienea Uingereza nzima. Mwaka 1855 Gosse alitoa kitabu kidogo cha bei nafuu kuwafundisha watu namna ya kuitunza. Mwaka huo huo aliongoza darasa la wanaume na wanawake miambani. Alitembea mbele, nao wakamfuata, akiwaonyesha kila kiumbe na jina lake.

Kuwa na tangi la bahari sebuleni kukawa mtindo. Maduka yaliuza matangi, mawe, anemoni na maji ya bahari. Njia za gari moshi zilikuwa zimefika pwani. Watu kwa maelfu walishuka, wakiwa na nyundo na ndoo, wakaingia miambani.

Lakini wengi hawakuwa na uangalifu wa Gosse. Walivunja miamba na kupindua mawe bila kuyarudisha. Walichukua wanyama kumi pale ambapo mmoja angetosha. Wanyama wengi walikufa njiani. Waliofika walikufa katika matangi machafu, na wenye matangi wakarudi pwani kuchukua wengine. Wafanyabiashara nao walichukua kwa vikapu.

Baada ya miaka michache madimbwi mengi yaliyokuwa yamejaa uhai yalikuwa matupu. Anemoni na matumbawe madogo hukua polepole. Mtu huyachukua kwa dakika moja, lakini kurudi kwake huchukua miaka mingi.

Gosse aliyaona haya kwa macho yake. Alikuwa amewaonyesha watu uzuri wa pwani ili waupende. Wao waliupenda kwa kuubeba. Mwanawe Edmund alikuja kuwa mwandishi mashuhuri. Katika kitabu alichotoa mwaka 1907 juu ya utoto wake alieleza kuharibika kwa pwani ile, na uchungu alioupata baba yake alipojua kwamba vitabu vyake mwenyewe vilichangia.

9. Huzuni na kazi

Wakati huo Gosse alipata pia huzuni ya nyumbani. Mkewe Emily alishikwa na kansa ya titi. Aliteseka sana, akafariki Februari 1857. Edmund alikuwa na miaka saba tu. Mwaka huo huo Gosse alitoa kitabu cha kujaribu kupatanisha imani yake na habari za umri wa dunia. Wataalamu walikikataa, na watu wa dini pia walikikataa. Akabaki mpweke.

Basi akahama London, akaenda kuishi St Marychurch katika Devon, karibu na bahari. Alikwenda miambani na mwanawe mdogo, wakitazama madimbwi pamoja.

Huko aliona jambo la ajabu ndani ya tangi lake. Kuna kaa mmoja ambaye hukaa ndani ya gamba la konokono aliyekufa. Juu ya gamba hilo hushika anemoni. Kaa humbeba anemoni, na anemoni humlinda kaa kwa sumu yake. Mwaka 1859 Gosse alimpa kaa wa namna hiyo gamba jipya, kubwa zaidi. Kaa akahamia. Je, alimwacha rafiki yake katika nyumba ya zamani? Hapana. Alimshika anemoni kwa makucha yake, akambandua taratibu, akamweka juu ya gamba jipya na kumkandamiza mpaka akashika. Hata kaa alijua namna ya kuhama bila kumdhuru mwenzake.

Mwaka 1860 Gosse alikamilisha kitabu chake kikubwa juu ya anemoni na matumbawe ya Uingereza. Picha zake alizichora mwenyewe. Kitabu hicho kiliwafaa wataalamu kwa miaka mingi. Mwaka huo huo alioa tena. Mke wake aliitwa Eliza Brightwen, nao waliishi kwa upendo mpaka mwisho.

Uzeeni alipenda pia kutazama nyota. Usiku mmoja wa majira ya baridi alikaa kwenye dirisha lililo wazi akiitengeneza darubini yake. Baridi ikamwingia kifuani, akaugua. Hakupona kabisa. Philip Gosse alifariki tarehe 23 Agosti mwaka 1888, akiwa na miaka 78.

10. Tunajifunza nini?

Philip Gosse alikuwa mtoto wa mtu maskini, akaacha shule mapema. Alishindwa kilimo, lakini hakuacha kusoma wala kuandika aliyoyaona. Daftari lake ndilo lililokuwa shamba lake.

Alitufundisha kwamba kiumbe hakiishi peke yake. Mnyama, mmea, maji, mwanga na hewa vinategemeana. Ukihamisha kimoja, fikiri na vingine. Kwanza tengeneza mahali, kisha ngoja, ndipo mlete mwenye kukaa.

Maisha yake yanatufundisha pia jambo ambalo yeye mwenyewe alilijua kwa kuchelewa. Kumfundisha mtu namna ya kuchukua hakutoshi. Mfundishe pia namna ya kubakiza. Dimbwi lililo wazi kwa kila mtu huisha upesi, kama hakuna anayejiwekea mpaka.

Maswali

1. Kwa nini mnyama wa baharini hufa upesi akiwekwa ndani ya kopo la maji?
2. Mtumishi wa Bibi Thynne alimimina maji mbele ya dirisha kila siku. Kazi hiyo ilisaidia nini?
3. Taja kanuni nne ambazo Gosse alizifuata alipohamisha wanyama na mwani.
4. Kwa nini Gosse alitia mwani kwanza katika maji aliyoyatengeneza, akangoja kabla ya kutia wanyama?
5. Pwani ya Uingereza iliharibikaje? Nani alikuwa na makosa: Gosse, wafanyabiashara, au watu walionunua? Jadilianeni.
6. Katika kijiji chenu kuna kitu gani ambacho watu wote hukichukua, nacho kinapungua? Ni samaki, kuni, asali, au kingine? Mngeweza kupatana juu ya mpaka gani?